Ampuli Niliyoiita ya Uongo

Katika mambo nitakayoyasimulia hapa, haya niliyaona kwa macho yangu: ampuli ndogo ya taa ikiwaka mezani kwa mama mmoja wa Mulongwe, ampuli hiyohiyo ikikataa kuwaka ndani ya gari langu, na mwenye duka akitamka kwamba ifikapo Jumamosi meza ya mama huyo iwe imeondoka barazani kwake. Mengine niliyasikia tu, wala siyadhamini: kwamba ampuli za aina hiyo hupoteza nguvu zikivushwa daraja, kwamba mwanga wake huwaita mbu kutoka ziwani, na kwamba mimi nilitokwa na machozi kwenye kizuizi cha barabara. Hili la mwisho nilikuwapo, na halikutokea.

Nilifundisha fizikia miaka mingi kabla ya kuwa prefe wa masomo, yaani mkuu wa shule ya sekondari, na hata sasa, nikiwa nimestaafu, watu wa mtaani huniita Prefe kana kwamba ndilo jina nililobatizwa. Kazi ile ilinifunza kwamba mwanafunzi anayeanza jibu lake kwa neno "wanasema" hakufungua daftari lake nyumbani. Niliwarudisha wengi kwenye viti vyao kwa sababu ya neno hilo moja, na sijajuta, isipokuwa mara moja, ambayo ndiyo habari hii.

Gari langu ni kuukuu lakini ni safi. Taa yake ya ndani, ile iliyo darini kati ya viti viwili vya mbele, ilikatika uzi katikati ya kiangazi. Mtu wa mahali pengine angeweza kuishi nayo hivyo. Hapa haiwezekani. Barabara itokayo Uvira na kupanda bonde la Ruzizi ina vizuizi, na giza linapoanza kuingia kila dereva anaijua adabu yake: unapunguza mwendo, unazima taa kubwa za mbele, unawasha taa ya ndani, ili walinzi wazione nyuso zenu kabla hamjawafikia. Gari linalokaribia likiwa jeusi ndani huhesabiwa kuwa na jambo la kuficha.

Jioni moja nilijaribu kuitimiza adabu hiyo kwa tochi ya simu. Mikono yangu ilikuwa kwenye usukani, kwa hiyo simu niliiweka mapajani, ikaniangaza kutoka chini. Polisi aliyekuwa ameshika kamba ya kizuizi alirudi nyuma hatua mbili.

"Muzee," alisema alipopata sauti, "ile sura unatuletea ni ya kuogopesha batu. Tafuta ampuli."

Ilikuwa amri halali, nami nikaitii kesho yake asubuhi.

Mama aliyeuza ampuli alikuwa na meza yake kwenye baraza la duka la saruji na mabati, hapa mtaani Mulongwe. Lazima nieleze baraza hilo. Mto unapojaa, maji huingia barabarani na kupita kati ya vibanda. Mimi mwenyewe nimeona sahani, ndala na mfuko mzima wa chumvi vikienda zake ziwani, na wenyewe wakivikimbilia nyuma. Baraza la saruji liko juu, kimo cha goti la mtu mrefu, na maji hayajalifikia tangu nianze kupita pale. Kwa muuza vitu vya umeme, nafasi juu ya baraza hilo ndiyo biashara yenyewe. Inasemekana mama huyo aliwahi kupoteza bidhaa zake zote kabla mwenye duka hajamruhusu kupanda, hilo sikuliona. Niliona tu kwamba alikuwa akiifuta saruji kuizunguka meza yake kila asubuhi, hata sehemu ambayo haikuwa yake.

"Papa Prefe, ya uzi zilikwisha," aliniambia. "Sasa tuko na hizi za LED. Haziko zinakatika mbio, na hazikule bateri."

"Nani amekuambia hazili bateri?"

"Bachofere."

Madereva! Nilimtazama juu ya miwani. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye sauti ya kwaya na mikono isiyotulia. Alivuta bateri ya pikipiki kutoka chini ya meza, akashika nyaya mbili, nyekundu kwenye ncha hii ya ampuli na nyeusi kwenye ncha ile. Ampuli hiyo, ambayo umbo lake ni kama kidonge kirefu chenye kofia ya bati kila upande, ikatoa mwanga mweupe hata nikafumba jicho moja.

"Umeona?"

"Nimeona."

Akaifunga katika kipande cha karatasi ya daftari. Alipokuwa akinikabidhi aliongeza, kama mtu anayeongeza kitunguu kimoja juu ya fungu: "Ikikataa kuwaka mu motoka, geuza. Iko na upande."

"Mama, wewe mwenyewe uliwahi kuiona ikikataa, kisha ikageuzwa, kisha ikawaka?"

"Minye? Minye niko na motoka, Papa Prefe? Bachofere ndio banasema."

"Basi hujui. Umesikia."

"Ndiyo, nimesikia," alijibu. "Lakini masikio yangu iko mazima."

Watu wawili waliokuwa wakinunua misumari walicheka. Mimi sikucheka. Nilijua kwamba ampuli haina upande. Nimezishika ampuli maisha yangu yote. Unazitia kwa kichwa, unazitia kwa mkia, zinawaka. Nilimwacha na bachofere wake.

Nyumbani nilifanya kazi ile kwa utaratibu. Nilibandua kifuniko cha taa kwa ncha ya kisu cha matunda, na kimoja cha vibano vyake vya plastiki kikavunjika, nakiri. Nikaitia ampuli kati ya vishikizo viwili vya bati. Nikabonyeza swichi. Giza. Mwalimu mbaya angepiga kelele hapo hapo. Mimi nilikwenda hatua kwa hatua. Nilikagua fyuzi: nzima. Nikafungua sanduku la nyuma la gari, ambamo kuna ampuli ya uzi ya umbo lilelile, nikaitoa na kuitia juu: ikawaka. Kwa hiyo umeme ulikuwa unafika. Nilipokuwa nikiirudisha nyuma iliniponyoka, ikaanguka juu ya kokoto na kukata uzi wake, lakini ushahidi wake ilikuwa imekwisha kuutoa. Nikairudisha ile ya LED mahali pake, kwa namna ileile kama mwanzo, maana mkono una mazoea yake. Giza tena.

Hitimisho lilikuwa wazi kwangu kama ubao uliofutwa vizuri. Umeme upo, fyuzi ni nzima, swichi inafanya kazi. Kwa hiyo ampuli ni ya uongo, yenye uhai wa kumdanganya mnunuzi mezani tu. Kulikuwa na jaribio moja tu ambalo sikulifanya, na sikulifanya kwa sababu nililetewa na uvumi.

Nilirudi Mulongwe siku hiyohiyo. Barazani palikuwa na watu saba, niliwahesabu.

"Mama," nilisema, kwa sauti niliyozoea kuitumia uwanjani wakati wa kupandisha bendera, "umeniuzia ampuli ya uongo."

Alisimama. "Papa Prefe, uliigeuza?"

"Sikuja kuzungumza habari za bachofere. Umeme upo, fyuzi ni nzima, swichi ni nzima. Ampuli imekufa."

"Ilete tuijaribu hapa."

"Jaribu kwa bateri gani? Siioni."

Alitazama chini ya meza na uso wake ukabadilika. "Bateri ilikwisha moto. Nimeipeleka kwa kuchaji. Kesho iko inarudi."

"Shahidi asiyekuwapo," nilisema, "si shahidi."

Ninaikumbuka sentensi hiyo kwa sababu niliipenda nilipokuwa nikiitamka. Mtu mmoja akarudisha mezani ampuli aliyokuwa ameishika. Mwingine akasema, "Kama Prefe mwenyewe amesema, minye naenda kwingine." Hapo mwenye duka akatoka ndani. Ni mtu mnene, mwenye vumbi la saruji katika nyusi, na anaogopa jambo moja tu duniani, nalo ni watu kusema kwamba dukani kwake kuna vitu vibaya.

"Prefe, ni kweli?"

"Nimeijaribu mwenyewe. Sikuambiwa na mtu."

Akamgeukia mama. "Unasikia? Mutu kama huyu hawezi kusema bure. Jumamosi sitaki kuona hii meza hapa. Baraza langu si ya kuuzia batu uongo."

Mama hakulia wala hakutukana. Alisema tu, "Papa, mvua iko karibu," na sikujua kama alikuwa akimwambia yeye au mimi.

Alitaka kunipa ampuli nyingine. Nilikataa, nilimwambia kwamba ile nitaiweka kuwa kithibitisho, iwapo kutatokea ubishi. Kithibitisho hicho nilikiacha darini mwa gari, kati ya vishikizo vyake, maana nyumbani kwangu kitu kidogo kikiwekwa mezani hakionekani tena. Nilikula chakula cha jioni nikiwa mtu aliyeulinda umma.

Ijumaa yake nilikwenda Katogota kumchukua dada yangu mkubwa, aliyetaka kuja Uvira kwa ubatizo katika familia. Dada huyu hakusoma. Amelima mpunga na mihogo tangu utoto wake, na hunitendea mimi kama mche alioupanda yeye ukakua vibaya. Nilipanga tuondoke saa saba. Tuliondoka saa kumi, kwa kuwa hangeweza kupanda gari kabla ya kugawa karanga katika mafungu ya kila jamaa, pamoja na wale walioolewa mbali, kisha akakumbuka kuku. Kuku alisafiri mapajani mwake, amefungwa miguu, akinitazama kwa jicho moja njia nzima.

Katika nchi yetu jua halizami kwa saa yake. Huchukuliwa mapema na milima. Tulipokaribia Runingu milima ilikuwa imekwisha kulimeza, na bonde limekuwa la rangi ya majivu. Nikaingia katika shimo moja la barabara ambalo nalijua siku zote na siku hiyo nililisahau. Gari likaruka, kifuniko cha taa, chenye kibano kilichovunjika, kikafunguka, na ampuli ikaanguka juu ya kuku.

"Kimeanguka kitu," alisema dada.

"Ni ampuli. Imekufa. Iache."

"Kitu kikianguka kinarudishwa." Akapapasa katika manyoya, akaipata, akanyanyua mkono na kuipachika darini bila kutazama, kama mtu anayerudisha mwiko mahali pake. Kisha akafunga kifuniko.

Mbele yetu kamba ya kizuizi ilikuwa imekazwa. Nilipunguza mwendo, nikazima taa kubwa. Alikuwa polisi yuleyule.

"Washa ndani," aliita.

Nikatoa kichwa dirishani. "Afande, taa hii haiwaki. Niliuziwa ampuli ya uongo na mama mmoja wa Mulongwe, na nimekwisha kuchukua hatua. Tazama mwenyewe." Nikabonyeza swichi ili aione ikikataa.

Gari likajaa mwanga. Sijawahi kuonekana hivyo tangu nizaliwe. Palionekana maganda ya karanga yaliyofunika kiti changu safi kutoka Katogota hadi Runingu, palionekana dada akitafuna, palionekana kuku, na nilionekana mimi, mdomo wazi, kidole kikiwa bado kwenye swichi.

Polisi aliinama akatazama vizuri. "Muzee, hii ya uongo iko inawaka sana. Ya kweli ingekuwaje?"

Nilibandua kifuniko, nikaichomoa ampuli, ikaniunguza kidogo, nikaigeuza, nikaitia. Giza. Nikaigeuza tena. Mwanga. Giza. Mwanga. Nyuma yetu lori la mihogo lilianza kupiga honi.

"Muzee, unafanya nini?"

"Ninathibitisha."

"Unathibitisha nini, na batu wako wanangoja?"

"Kwamba iko na upande," alisema dada, ambaye alikuwa ameelewa mara ya kwanza. "Muache, mwanangu. Huyu ni mudogo wangu. Akisoma kitu anakisoma mara tatu."

Polisi akalegeza kamba, akicheka kwa mabega. Si kweli kwamba nilitokwa na machozi. Nilikuwa nimesogeza uso karibu mno na ampuli, na macho yangu ni ya mzee.

Kutoka pale nilikuwa nikiwaza darasa la sita la sekondari, ubao, na mchoro mdogo wa pembetatu yenye mstari mbele yake, ambao niliuchora kila mwaka nikisema: hii ni diodi, umeme unapita kwa upande mmoja tu. Ninajua vizuri sana herufi ya mwisho katika LED inasimama badala ya neno gani. Nililijua pia nilipokuwa nimesimama mbele ya meza ya mama yule. Haikunijia akilini kwamba kitu nilichokichora ubaoni kingeweza kushuka na kuuzwa barazani pamoja na misumari.

"Umenyamaza," alisema dada tulipovuka Kiliba. Nikamsimulia yote, pamoja na watu saba.

Alimenya karanga moja. "Kesho ni siku gani?"

"Jumamosi."

"Na weye uko unaendesha polepole hivi."

Jumamosi asubuhi, kabla ya saa mbili, nilikuwa Mulongwe. Mama alikuwa amekwisha kuipakia nusu ya bidhaa zake ndani ya beseni, na meza ilikuwa imelazwa ubavu. Bateri ilikuwa imerudi. Ilikuwa juu ya beseni, imechajiwa, haina kazi. Nilimwendea mwenye duka karibu, nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba palikuwa na kosa katika uchunguzi wangu.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, kwa sauti ambayo haikuwa ya chini hata kidogo: "Prefe, siku ile ulisema mbele ya batu. Leo unanisemea mu sikio. Minye nikiacha meza, batu watasema nimehongwa. Kama neno lilitokea pale," akaonyesha ukingo wa baraza, "lirudi pale."

Nilimtazama mama. Alikuwa ameshika beseni kwa mikono miwili.

"Si kusema tu," alisema. "Aonyeshe. Alisema aliijaribu mwenyewe. Ajaribu na sisi tuone."

Ndivyo ilivyokuwa kwamba mimi, niliyewahi kuongoza mitihani, niliendesha gari mpaka chini ya baraza, nikafungua milango yote minne, nikapiga magoti juu ya kiti cha mbele huku miguu yangu ikining'inia nje, nikatoa somo. Watu walikusanyika zaidi ya saba. Nilisema: "Hivi ndivyo nilivyoitia siku ile." Giza. "Hivi ndivyo mama aliniambia niitie, nami nikakataa." Mwanga. "Ampuli ni nzima. Kosa lilikuwa langu."

"Prefe, huku nyuma hatukuona," ilisema sauti.

Nikarudia.

"Na sisi wa huku?"

Nikarudia, nikiwa nimegeukia mlango mwingine. Dereva mmoja wa pikipiki alisema kwamba wao bachofere walijua jambo hilo zamani, na kwamba Prefe angeuliza tu. Nilimjibu kwamba niliambiwa bila hata kuuliza, na hilo ndilo lililokuwa baya zaidi. Walicheka sana, nami niliwaacha wacheke. Katika darasa langu kicheko hakikuwa desturi, lakini somo hili halikuwa katika programu yangu.

Nilidhani yamekwisha. Lakini mwenye duka alishuka barazani akijifuta mikono.

"Toka, Prefe. Minye siamini ya kuambiwa."

Akaingia, gari likainama upande wake, akaichomoa ampuli kwa vidole vyake vinene. Akaitia vibaya, akaitia vizuri, akaitia vibaya tena. Alipumua kama mtu anayebeba mfuko wa saruji. Alipotoka vumbi lake lilikuwa limepungua kuliko alipoingia, na lililopungua lilikuwa juu ya kiti changu.

"Meza ibaki," alisema, akaingia dukani.

Nilishika ncha moja ya meza na mama akashika nyingine, tukaisimamisha. Hakunishukuru, na hakuwa na sababu. Alianza kupanga ampuli zake moja moja katika mstari.

"Papa Prefe," aliniita nilipokuwa nikifunga milango, "sasa nimeona kwa macho?"

"Umeona."

"Basi sitasema tena bachofere banasema."

Dereva yule wa pikipiki alikuwa bado amesimama pale. Aliokota ampuli moja, akaigeuza mkononi, akamuuliza kama ikitiwa itawaka kweli.

"Itawaka upande moja," alijibu mama. "Ikikataa, geuza. Nimeiona minye mwenyewe."

Kama aliinunua, sikungoja nione. Lori la saruji lilikuwa limefika na lilitaka mahali nilipoegesha. Nasikia mvua zilipokuja biashara yake ilikuwa nzuri, lakini hilo niliambiwa na dada, ambaye naye aliambiwa kanisani. Mimi ninachoweza kukidhamini ni hiki: nilipowasha gari kuondoka, ilikuwa haijafika saa tatu, na meza ilikuwa juu ya baraza, miguu yake yote minne juu ya saruji.